Johannes Kepler na Muda wa Safari Baina ya Sayari

Utangulizi

Tarehe 30 Julai 2020 chombo cha Perseverance kiliondoka duniani, na tarehe 18 Februari 2021 kikatua katika sayari ya Mirihi. Safari hiyo ilichukua siku 203. Linalostaajabisha hapa si wingi wa siku hizo, bali ni kwamba tarehe ya kutua ilijulikana kabla chombo hakijang'oa nanga. Nahodha wa jahazi anayetoka Lamu kwenda Maskati hawezi kuitaja siku ya kufika kwa uhakika wa namna hiyo, ingawa bandari aendayo imetulia mahali pamoja. Mirihi nayo haitulii hata kwa nukta moja.

Uhakika huu una asili yake. Hautokani na roketi, kwani roketi ni chombo tu cha kusukuma. Unatokana na kanuni tatu zilizogunduliwa na mtu aliyefariki mwaka 1630, wakati ambapo usafiri wa kasi kuliko wote nchi kavu ulikuwa farasi. Mtu huyo ni Johannes Kepler, mwanafalaki na mwanahisabati wa Kijerumani.

Makala haya yananuia kusimulia maisha ya Kepler kwa kulizingatia swali moja: safari ya kwenda kwenye sayari nyingine huchukua muda gani? Itabainika kwamba Kepler alilikabili swali hili kwa njia mbili. Kama mtunzi wa bunilizi, alimpeleka mhusika wake mwezini na kuitajia safari hiyo idadi ya saa. Kama mwanahisabati, aligundua kanuni ambayo kwayo muda wa safari yoyote baina ya sayari huweza kukokotolewa. Itabainika pia kwamba njia zote mbili zilimgharimu. Kwetu sisi wanafunzi wa fasihi, maisha haya yana funzo la ziada, maadamu kisa alichokibuni kilisomwa na baadhi ya watu kana kwamba ni ungamo, na mama yake mzazi alikuwa hatarini kuchomwa moto.

Utoto na Elimu

Kepler alizaliwa tarehe 27 Desemba 1571 katika mji mdogo wa Weil der Stadt, kusini mwa Ujerumani. Alizaliwa kabla ya miezi kutimia, na alikuwa dhaifu tangu mwanzo. Baba yake, Heinrich, alikuwa askari wa kukodiwa aliyepigana vita vya watu wengine kwa ajili ya mshahara. Hatimaye aliondoka nyumbani asirejee tena. Malezi yakabaki mikononi mwa mama, Katharina, mwanamke mwenye maneno makali na mjuzi wa mitishamba.

Akiwa bado mtoto mdogo, Kepler aliugua ndui. Alipona, lakini ugonjwa huo ulimwachia macho mabovu na mikono isiyo na wepesi. Ni jambo la kushangaza kwamba mtu aliyekuja kuzifahamu njia za sayari kuliko wote waliomtangulia hakuweza kuziona nyota vizuri. Hata hivyo, mbingu hazikumpita. Mwaka 1577 mama yake alimpandisha mahali palipoinuka wakatazame nyota kubwa yenye mkia iliyokuwa ikionekana kote Ulaya, na mwaka 1580 alionyeshwa kupatwa kwa mwezi. Kumbukumbu hizo mbili hazikumtoka maishani.

Kwa kuwa familia haikuwa na uwezo, alisomeshwa kwa ufadhili wa Mtawala wa Württemberg, na mwaka 1589 akajiunga na Chuo Kikuu cha Tübingen akikusudia kuwa kasisi wa Kilutheri. Huko alikutana na mwalimu aliyeyabadilisha maisha yake, Michael Maestlin. Maestlin aliwafunulia wanafunzi wake wachache nadharia ya Copernicus kwamba dunia ndiyo inayolizunguka jua. Kepler aliikubali mara moja. Mwaka 1593, akiwa bado mwanafunzi, aliandaa hoja za mjadala kuhusu jinsi mbingu zingeonekana kwa mtu aliyesimama mwezini. Mbegu ya bunilizi yake ilipandwa wakati huo.

Kabla hajahitimu ukasisi, alitumwa Graz, Austria, mwaka 1594 kufundisha hisabati. Ualimu haukumwendea vyema. Mwaka wa kwanza alipata wanafunzi wachache. Mwaka wa pili hakupata hata mmoja. Akawa na nafasi ya kufikiri. Mwaka 1596 alichapisha kitabu chake cha kwanza, Mysterium Cosmographicum, yaani Fumbo la Ulimwengu, ambamo alijaribu kueleza kwa nini sayari zimepangika katika umbali ule zilio nao kutoka jua. Jibu alilolitoa halikuwa sahihi, lakini swali lilikuwa jipya. Kabla yake wanafalaki walitosheka kujua sayari itaonekana wapi usiku fulani. Kepler alitaka kujua ni nini kinachoisukuma, na kwa nini zilizo mbali na jua huenda polepole.

Miaka ya Prague na Vita na Mirihi

Mwaka 1600 mambo mawili yalitokea. La kwanza, Waprotestanti walifukuzwa Graz, na Kepler, kwa kukataa kubadili dhehebu, akapoteza kazi na makao. La pili, alialikwa kufanya kazi na Tycho Brahe, mwanafalaki wa Kidenmaki aliyekuwa Mwanahisabati wa Kaisari Rudolf wa Pili mjini Prague. Brahe alikuwa amezipima nyota na sayari kwa zaidi ya miaka 20, bila darubini, kwa usahihi ambao hakuna mwingine aliyewahi kuufikia. Alikuwa na hazina ya takwimu lakini hakuwa na mtu wa kuzifumbua. Kepler alikuwa na akili ya kufumbua lakini hakuwa na takwimu.

Brahe alimpa Mirihi, sayari iliyokuwa imewashinda wengi. Kepler alijigamba kwamba angeimaliza kazi hiyo kwa siku nane. Ilimchukua zaidi ya miaka mitano. Brahe mwenyewe hakuishi kuuona mwisho wake, kwani alifariki tarehe 24 Oktoba 1601, na Kepler akarithi cheo chake pamoja na daftari zake.

Hapa ndipo lilipotokea tukio ambalo, kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, ndilo kiini cha maisha ya Kepler. Baada ya kurudia hesabu mara zisizopungua 70, alipata njia ya mviringo iliyokubaliana na takriban vipimo vyote vya Brahe. Ilipojaribiwa kwa vipimo vichache zaidi, ilitofautiana navyo kwa dakika 8 za nyuzi, yaani robo hivi ya upana wa mwezi mpevu kama unavyoonekana kutoka duniani. Mwanafalaki mwingine wa zama hizo angeipuuza tofauti hiyo, na hakuna ambaye angemlaumu. Kepler alijua kwamba Brahe hakuwa mtu wa kukosea kwa kiasi hicho. Akaitupa kazi ya miaka na kuanza upya.

Alipoanza upya, ilimbidi aachane na imani iliyodumu kwa miaka takriban 2,000 kwamba mwendo wa mbinguni sharti uwe wa duara kamili. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1609 katika Astronomia Nova, yaani Elimu Mpya ya Falaki. Kanuni ya kwanza inasema kwamba sayari hulizunguka jua kwa njia ya duaradufu, na jua halipo katikati ya umbo hilo bali katika fokasi yake mojawapo. Kanuni ya pili inasema kwamba mstari unaoiunganisha sayari na jua hufagia maeneo yaliyo sawa kwa nyakati zilizo sawa. Maana yake ni kwamba sayari huongeza mwendo inapolikaribia jua, na huupunguza inapojitenga nalo.

Mwaka uliofuata Galileo alitangaza kwamba ameiona miezi minne ya Mshtarii kwa darubini. Wengi walimdhihaki. Kepler alimwandikia waraka wa kumuunga mkono, na ndani yake akadokeza jambo ambalo halikuwa la kawaida: kwamba zikipatikana merikebu na matanga yanayofaa kwa anga, hawatakosekana watu wa kuthubutu safari hiyo, kwa hiyo ni wajibu wao wawili kuwaandalia wasafiri hao elimu watakayoihitaji, yeye akishughulikia mwezi na Galileo akishughulikia Mshtarii. Dokezo hilo lilikuwa la utani nusu. Nusu iliyobaki ilikuwa ya kweli, kwani wakati huo tayari alikuwa ameshaiandika safari yenyewe.

Ndoto: Safari ya Saa Nne

Kazi hiyo ni Somnium, yaani Ndoto. Kepler aliiandika kwa Kilatini mnamo 1609, akaendelea kuiongezea maelezo hadi mwisho wa uhai wake. Wahakiki wengi huitaja miongoni mwa bunilizi za kisayansi za mwanzo kabisa.

Kimuundo, ni kisa ndani ya kisa. Msimulizi analala na kuota anasoma kitabu. Ndani ya kitabu, kijana wa Kiaislandi aitwaye Duracotus anasimulia maisha yake. Mama yake, Fiolxhilde, ni mjuzi wa mitishamba ambaye huwauzia mabaharia vifuko vya majani yenye nguvu za siri. Siku moja kijana anakipasua kifuko kutaka kujua kilichomo, na mama kwa hasira anamtoa kwa nahodha. Nahodha anamwacha kwa Tycho Brahe, ambako anajifunza elimu ya nyota kwa miaka kadhaa. Anaporudi, mama anamfurahia na kumfunulia siri yake: anafahamiana na pepo awezaye kuwachukua wanadamu hadi Levania, yaani mwezini. Kuanzia hapo, pepo ndiye anayesimulia.

Safari ni ya maili 50,000 za Kijerumani, na muda wake ni saa nne kwa wingi zikizidi. Kinachoshughulisha hadithi ni zile saa zenyewe. Msafiri hurushwa kwa kishindo kama anayefyatuliwa kwa baruti, hivyo inambidi alazwe kwa dawa na viungo vyake vipangwe visije vikang'oka. Baridi ni kali na hewa haivutiki, kwa hiyo huwekewa sifongo zenye unyevu puani. Baada ya sehemu ya kwanza ya njia, hakuna tena haja ya kusukumwa. Mwili hujikunja na kuendelea kwenda wenyewe, na mwishoni inabidi ushikwe usije ukaugonga mwezi. Leo tunafahamu kwamba hivi ndivyo chombo cha angani kinavyosafiri: injini huwaka kwa muda mfupi mwanzoni, chombo huteleza bila kusukumwa karibu njia nzima, na huhitaji kupunguziwa mwendo mwishoni.

Saa nne, hata hivyo, zilikuwa za kubuni. Waliokwenda na Apollo 11 mwezi Julai 1969 walichukua siku tatu na ziada kuufikia mzunguko wa mwezi. Chombo cha New Horizons, kilichorushwa kwa kasi kubwa mwezi Januari 2006 kikielekea Pluto, kiliupita umbali wa mwezi baada ya saa tisa hivi. Hivyo basi, pepo wa Kepler bado hajafikiwa.

Mama Mahakamani

Mwaka 1611 ulikuwa mwaka wa misiba. Mwanawe Friedrich, aliyekuwa na umri wa miaka sita, alifariki kwa ndui. Miezi michache baadaye mkewe, Barbara, naye akafariki. Kaisari Rudolf, mfadhili wake, alinyang'anywa kiti cha Bohemia. Kepler alihamia Linz mwaka 1612, na mwaka 1613 akamwoa Susanna Reuttinger. Katika kipindi hicho nakala ya Ndoto, ambayo ilikuwa haijachapishwa, ilikuwa imetoka mikononi mwake na kuanza kupita kwa watu.

Mwaka 1615, katika mji wa Leonberg, mwanamke aitwaye Ursula Reinbold alidai kwamba Katharina, mama yake Kepler, alimnywesha kinywaji kichungu kilichomletea maradhi. Shutuma ilikuwa ya uchawi. Huo haukuwa wakati wa kuchukulia shutuma kama hiyo kwa wepesi: katika eneo hilo wanawake kadhaa walikuwa wamekwisha kuuawa kwa kosa hilohilo. Majirani wengine walijitokeza na visa vyao, huyu ng'ombe wake aliugua, yule mguu wake ulipooza.

Kepler aliamini kwamba Ndoto ilichangia balaa hili. Katika hadithi kulikuwa na kijana aliyesoma kwa Brahe, kama yeye. Na kulikuwa na mama mjuzi wa mitishamba aliyezungumza na mapepo. Waliosikia habari za hadithi hiyo walimwona Fiolxhilde wakamdhania Katharina. Baadhi ya wanahistoria wa leo wanashuku kama kweli uvumi huo ulifika Leonberg na kuathiri kesi. Lisilo na shaka ni kwamba mtunzi mwenyewe aliubeba mzigo huo moyoni, na katika maelezo aliyoyaongezea kazi hiyo baadaye alijaribu kufafanua kila alichokusudia. Maelezo hayo yalifikia 223, na ni marefu kuliko hadithi yenyewe. Sisi hufunzwa mapema kwamba mhusika si mtunzi, wala mama wa mhusika si mama wa mtunzi. Kwa Kepler, suala hili halikuwa la nadharia.

Tarehe 7 Agosti 1620 Katharina, bikizee wa zaidi ya miaka 70, alikamatwa usiku na kutiwa gerezani, akafungwa minyororo. Kepler aliiacha kazi yake Linz, akasafiri hadi Württemberg na kuusimamia utetezi mwenyewe, akisaidiwa na marafiki wanasheria. Alizichambua shutuma moja baada ya nyingine kama alivyoyachambua makosa ya njia ya Mirihi. Aliuliza jambo hili lilitokea lini, lile lilitangulia lipi, na ni sababu gani ya kawaida inayoweza kulieleza. Maradhi ya Reinbold, alionyesha, yalitokana na dawa alizokuwa amezitumia kabla. Uzee na ukali wa maneno, alisisitiza, si ushahidi wa uchawi.

Mwezi Septemba 1621 Katharina alipelekwa mbele ya vyombo vya mateso, akaonyeshwa kimoja kimoja ili aogope na kukiri. Hakukiri. Mwezi Oktoba aliachiliwa baada ya kifungo cha miezi 14, na mwezi Aprili 1622 akafariki.

Kanuni ya Tatu

Ni katika miaka hiyohiyo ya kesi ambapo Kepler aligundua kanuni inayojibu swali la makala haya. Mwaka 1617, alipokuwa akisafiri kumshughulikia mama yake, alisoma njiani kitabu cha nadharia ya muziki kilichoandikwa na baba yake Galileo. Tangu ujana alikuwa akiamini kwamba mwendo wa sayari una ulinganifu kama wa sauti za muziki. Mwanzoni mwa 1618 alimzika binti yake mdogo. Tarehe 8 Machi mwaka huo wazo lilimjia, akalikataa kwa sababu ya kosa la hesabu; tarehe 15 Mei likamrudia, na safari hii hesabu zikakubali. Siku nane baadaye Vita vya Miaka Thelathini vilianza Prague. Kanuni hiyo ilitokea katika Harmonices Mundi, yaani Ulinganifu wa Ulimwengu, mwaka 1619.

Kanuni yenyewe inaelezeka kwa sentensi moja: muda wa sayari kulizunguka jua, ukizidishwa kwa wenyewe, unalingana na wastani wa umbali wake kutoka jua ukizidishwa kwa wenyewe mara tatu. Tuuite umbali wa dunia kutoka jua 1, na muda wa dunia mwaka 1. Umbali wa Mshtarii ni 5.2. Tukizidisha 5.2 mara tatu tunapata karibu 140.6, na kipeuo chake cha pili ni 11.86. Mshtarii basi hulizunguka jua kwa miaka 11.86, na ndivyo ilivyo.

Kanuni hii haibagui baina ya sayari na kitu kingine. Chochote kinacholizunguka jua bila kusukumwa huitii, kiwe jiwe au chombo kilichoundwa na binadamu. Newton alieleza sababu yake mwaka 1687 kwa nadharia ya mvutano. Lakini ilibidi kungojea hadi 1925 kabla mhandisi wa Kijerumani, Walter Hohmann, hajaitumia kikamilifu kwa safari. Hohmann alionyesha kwamba njia isiyo na gharama kubwa ya kutoka duniani hadi sayari nyingine ni nusu ya duaradufu: upande mmoja unaigusa njia ya dunia, na upande wa pili unaigusa njia ya sayari inayoendewa.

Msomaji anaweza kukokotoa mwenyewe. Umbali wa Mirihi ni 1.52. Wastani wake na 1 ya dunia ni 1.26. Ukizidisha 1.26 mara tatu unapata 2, na kipeuo cha 2 ni 1.41. Duaradufu nzima basi ingechukua miaka 1.41, na nusu yake, ambayo ndiyo safari yetu, ni karibu siku 259. Kwa hesabu hiyohiyo Zuhura hufikiwa kwa siku 146, Mshtarii kwa miaka 2.7, Zohali kwa miaka sita, na Neptune kwa zaidi ya miaka 30.

Vyombo halisi havikwenda mbali na jedwali hili, ila pale vilipopewa nguvu ya ziada. Mariner 2 ilifika Zuhura mwezi Desemba 1962 baada ya siku 109. Mariner 4 ilipita kando ya Mirihi mwezi Julai 1965 baada ya siku 228. Voyager 2, iliyoondoka Agosti 1977, ilitumia mvuto wa Mshtarii, Zohali na Uranus kujiongezea mwendo, ikafika Neptune Agosti 1989: miaka 12 badala ya 30. New Horizons ilifika Pluto Julai 2015 baada ya miaka tisa na nusu. Ukaribu nao si wepesi. Utaridi iko karibu kuliko Mshtarii, lakini chombo cha MESSENGER kilichukua zaidi ya miaka sita na nusu, kuanzia Agosti 2004 hadi Machi 2011, kuingia katika mzunguko wake, kwa kuwa mvuto wa jua hukiongezea chombo mwendo ambao lazima upunguzwe kidogo kidogo.

Kuna jambo jingine ambalo wahenga wetu wa pwani wangelielewa upesi. Jahazi halisafiri siku yoyote. Hungojea kusi au kaskazi. Vivyo hivyo, njia ya Mirihi hufunguka kila baada ya miezi 26 hivi, dunia na Mirihi zinapokuwa katika mpangilio unaofaa. Anayekwenda kwa njia ya Hohmann na kutaka kurudi atalazimika kungojea huko zaidi ya mwaka mmoja. Safari nzima ya kwenda, kungoja na kurudi huchukua karibu miaka miwili na miezi minane. Kikwazo kikubwa kwa wanaopanga kuwapeleka binadamu Mirihi ni muda huu ambao watalazimika kula, kunywa na kuvuta hewa waliyoibeba.

Miaka ya Mwisho

Kepler alitumia miaka yake ya mwisho kukamilisha ahadi aliyoirithi kwa Brahe: majedwali ya kutabiri mahali pa kila sayari. Mwaka 1626 Linz ilizingirwa na wakulima walioasi, na mtambo wa uchapaji ukateketea. Akaihamisha familia na kwenda Ulm, ambako Majedwali ya Rudolf yalichapishwa mwaka 1627. Usahihi wake ulithibitika baada ya kifo chake, pale Utaridi ilipopita mbele ya uso wa jua tarehe 7 Novemba 1631 kama alivyotabiri.

Mishahara yake ya miaka mingi haikulipwa. Mwezi Oktoba 1630 alipanda farasi kutoka Sagan kwenda Regensburg, ambako wakuu wa dola walikuwa wamekutana, akitarajia kupata haki yake. Alifika akiwa amechoka, akashikwa na homa, na tarehe 15 Novemba akafariki akiwa na umri wa miaka 58. Makaburi alikozikwa yaliharibiwa vitani, na kaburi lake halijulikani lilipo.

Ndoto ilikuwa bado haijamaliza kuchapwa. Mkwewe, Jakob Bartsch, aliishika kazi hiyo naye akafariki. Hatimaye mwanawe, Ludwig, aliichapisha mwaka 1634 ili kumsaidia mama yake wa kambo aliyeachwa bila kitu.

Hitimisho

Tumeona kwamba Kepler aliuliza kwanza kwa hadithi kile alichokuja kukijibu kwa hesabu. Jibu la hadithi, saa nne, halikuwa sahihi. Lakini hadithi ndiyo iliyothubutu kuichukulia safari hiyo kama jambo lenye mwanzo, njia na mwisho, na lenye msafiri anayehisi baridi. Jibu la hesabu lilipatikana kwa sababu mtu mmoja alikataa kuzifumbia macho dakika 8 za nyuzi. Ukaidi huohuo ndio uliomwokoa mama yake: alikataa kulipokea neno la majirani bila kulipima.

Katika idara zetu aghalabu huaminika kwamba fasihi na sayansi ni shamba mbili zenye ua katikati, na kwamba bunilizi ya kisayansi si mali ya Kiswahili. Maisha ya Kepler yanatupa sababu ya kuutilia shaka mgawanyo huo. Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali yalikuwa majina ya Kiswahili kabla hayajawa mada ya mtihani, na maneno kama duaradufu na kipeuo yanatosha kuieleza safari ya siku 259 bila kuazima sentensi ya lugha nyingine. Kinachongojewa ni mtunzi atakayeifanya safari hiyo kwa Kiswahili, na kuzihesabu siku zake kwa usahihi.